Jivu Kwenye Sinki

Bibi yangu wa Busi alikuwa na kipimo kimoja tu cha usafi, nacho ni sufuria. Ukimaliza kuisugua, aliinyanyua mbele ya uso wake. Akiyaona meno yake humo, umefaulu. Asipoyaona, anairusha chini hata kama wageni wapo, nawe unarudi kwenye jivu. Sabuni aliiita kitu cha watu wavivu. Nimelelewa na jivu hilo, jivu la kuni lililochekechwa mpaka likawa laini, na hadi leo majirani zangu wa Makole wakiwa na shughuli huja kuazima sufuria zangu kwa sababu zinang'aa. Nayasema haya mapema ili utakaposikia nilichokifanya usinione chizi. Akili zangu zilikuwa timamu. Nilikuwa nimelelewa vizuri, basi.

Miaka hiyo nilikuwa nasoma shahada ya pili ya kemia hapa hapa Dodoma. Utafiti wangu ulihusu jinsi esta za fosfati zinavyovunjika majini, na kwa kasi gani. Usitishwe na jina. Fosfati ni ile ile iliyomo kwenye mbolea ya kupandia na kwenye mifupa yako. Ikishikana na kipande cha sukari, cha kileo au cha mafuta, inaweza kuwa esta. Hata uzi unaobeba urithi wako kutoka kwa mama na baba umeshonwa kwa esta hizo mwanzo hadi mwisho. Sasa maji yana uwezo wa kuukata mshono huo, na miili yetu imejaa maji. Kwa hiyo msimamizi wangu, mtu wa maneno machache, siku ya kwanza aliniuliza swali moja: mbona hatuyeyuki?

Hatuyeyuki kwa sababu maji hukata taratibu mno. Esta niliyopewa mimi ukiiacha kwenye maji matupu, kwenye joto la kawaida, bila kimeng'enya cha kuyasaidia maji, utazeeka wewe, watazeeka na wajukuu zako, nayo bado iko vile vile. Nani ana muda huo? Kwa hiyo tunaifungia kwenye mirija ya kioo, tunaiweka kwenye tanuri lenye joto kupita la maji yanayochemka, na kila siku tunatoa mrija mmoja. Tunatia dawa ya kupimia. Kama kuna fosfati iliyokatika, maji yanageuka bluu, na kadiri bluu inavyokolea ndivyo esta iliyovunjika ilivyo nyingi. Ukishapata kasi kwenye joto la juu la aina mbili tatu, unapiga hesabu ya kushuka nayo mpaka joto la kawaida. Nje ya tanuri, rafuni, nilikuwa na mirija kumi na miwili ya kushuhudia tu. Ile haikutakiwa kubadilika hata kidogo.

Aliyekuwa anatuoshea vyombo ni mama mmoja wa Kigogo, mtu mzima, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya pili ya korongo. Alikuwa mhudumu wa maabara ile tangu kuta zake zinanuka rangi mpya. Akiingia asubuhi alisalimia chumba kizima kwa mpigo mmoja, "Mbukwenyi!", wahadhiri, wanafunzi na mitungi ya gesi, na ole wako usiitikie. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Saa saba mchana alikaa kwenye kibao chake nje ya mlango na ugali wa uwele na mlenda, na akikuona unapita na biskuti mkononi alikunyang'anya.

"Hiki ni chakula au ni kifuniko? Kaa."

Nilikaa kwenye kile kibao siku nyingi. Mwanafunzi akiishiwa hujifanya ameshiba, na yule mama alikuwa anamtambua mtu wa hivyo kwa kumtazama mara moja tu. Sijawahi kumwomba chakula na sijawahi kukikosa.

Balaa lilianza na ile bluu yenyewe. Dawa ya kupimia huacha alama kwenye kioo, kiduara hafifu chini ya mrija, kisichotoka kwa maji peke yake. Siku moja msimamizi wangu aliushika mrija wangu mmoja kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hii michafu." Akaondoka zake. Kumwambia mjukuu wa bibi yangu kwamba vyombo vyake vichafu! Nilitamani ardhi ipasuke. Jumamosi iliyofuata, maabara ikiwa tupu, nilikwenda na kikopo cha siagi kimejaa jivu la jiko la mama mwenye nyumba wangu, nikafunga katani kwenye kijiti, nikakunja mikono ya blauzi na kusugua mirija yote ndani na nje. Nikaisuuza. Nikaiinua mmoja mmoja mbele ya uso. Jamani, iling'aa! Nikaenda Jumamosi tatu mfululizo, na kile kikopo nikawa nakificha nyuma ya ndoo ya sakafu, maana sikutaka wenzangu wa mjini wanicheke ushamba. Ile mirija kumi na miwili ya rafuni niliichagua katika hiyo hiyo iliyong'aa.

Wiki chache baadaye nikapima mrija wa kwanza wa rafuni. Ukageuka bluu. Wa pili, bluu. Si bluu ya kubahatisha, ni bluu ya sketi ya shule. Nilipiga ukelele peke yangu mle ndani. Esta yangu ilikuwa imevunjika rafuni, kwenye joto la kawaida, ndani ya wiki chache, jambo ambalo vitabu vyote vilikuwa vimeniambia haliwezekani. Nikajiona tayari naalikwa nchi za watu kwenda kueleza. Nikakimbia koridoni hadi kwa msimamizi wangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akauliza neno moja.

"Blanki?"

Blanki ni mrija wa maji matupu yaliyotiwa dawa ya kupimia, bila esta yoyote. Kazi yake ni kukuzuia usijidanganye. Mimi kwa pupa yangu nilikuwa sijaipima. Nikarudi, nikachukua mrija mtupu katika hiyo hiyo iliyong'aa, nikatia maji matupu na dawa. Bluu ile ile, na hakukuwa na kitu chochote cha kuvunjika mle ndani.

"Kuna fosfati inaingia kutoka nje," alisema msimamizi wangu. "Iko kwenye vyombo. Angalia wanaosha na sabuni gani."

Hasira zangu mimi ziko puani, sijifichi. Sabuni za unga nyingine zina fosfati, hilo nalijua. Na kwenye ndoo ya yule mama nilikuwa nimeona mfuko wa sabuni ya unga kwa macho yangu mawili. Sikumuuliza ni ya kuoshea nini. Yule yule aliyenilisha mlenda muhula mzima, sikumpa hata swali moja! Nilishuka ngazi moja kwa moja hadi kwa mkuu wa idara, nikabwata. Mkuu alikuwa ameshachoshwa na malalamiko ya vyombo.

"Niandikie," akasema.

Nikaandika ukurasa mzima, kwa huu mwandiko wangu unaolalia kushoto ambao walimu walinicheka tangu darasa la tatu. Nikaandika kwamba mhudumu anaoshea vyombo vya utafiti sabuni ya unga kinyume na maelekezo, na kwamba kazi yangu yote imeharibika. Mkuu akasoma, akasema Jumatatu atatuita wote wawili. Mkataba wa yule mama ulikuwa unaisha mwezi ule ule. Nikithibitika kusema kweli, hautaongezwa. Nilitoka pale nikiwa nimeridhika, na leo nikikumbuka kule kuridhika nasikia aibu mpaka masikioni.

Alhamisi mchana yule mama alinidaka nikipita upande wa pili wa jengo, maana nilikuwa nimeanza kumkwepa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameniletea barua. Wanataka nijibu kwa maandishi. Mimi naandika herufi kubwa tu, kama za kwenye gunia. Njoo uniandikie."

Ningekataaje? Nilikaa kwenye kibao, nikachukua kalamu. Akasema polepole, kila neno kwa kituo chake.

"Andika hivi. Mimi sijatia sabuni kwenye vioo vya wanafunzi. Sabuni ni ya sakafu. Vioo naviloweka kwenye tindikali nyepesi anayonichanganyia fundi wa maabara, halafu nasuuza mara tatu kwa maji ya betri. Mwalimu wa kwanza wa hapa ndiye aliyenifundisha, na sijaacha."

Maji ya betri ndilo jina lake la maji yaliyokenekwa. Niliandika, lakini kichwa changu kilikuwa bado kigumu.

"Sasa kama si sabuni, mama, ni nini?"

Alinitazama. Akafungua kinywa, akakifunga.

"Andika, sijui," akasema. "Weka na nafasi ya sahihi hapo chini. Halafu ule, umekonda."

Nilikula. Nilimaliza bakuli, na karatasi yangu ya mashtaka nikaiacha huko huko kwa mkuu.

Jumamosi sikwenda maabara. Nilipanda basi la Kondoa nikaenda Busi kwa bibi, kwa kuwa moyo ulikuwa haujatulia na sikutaka kujiuliza kwa nini. Tulipomaliza kula nilisugua sufuria, ndiyo kazi yangu nikiwa pale. Bibi akachota jivu lililobaki mekoni, akapita nyuma ya nyumba, akalimwaga kwenye matuta yake ya mchicha na maboga. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote.

"Bibi, hilo la nini huko?" nilimuuliza, kwa kutaka maongezi tu.

"Mboga zinalipenda. Zikilikosa zinadumaa."

"Zinapenda nini kwenye jivu?"

"Khaa! Aliyesoma ni wewe, halafu unaniuliza mimi?"

Nilibaki nimesimama na sufuria mkononi. Mti unanyonya fosfati kutoka ardhini. Ukiuchoma, moshi unakwenda zake, na fosfati inabaki kwenye jivu. Haya nilikuwa nimeyafundisha mwenyewe nikiwa kwenye mazoezi ya ualimu, kidato cha pili, ubaoni, kwa mishale na chaki za rangi. Lakini jivu kwangu halikuwa kemikali. Jivu lilikuwa usafi wenyewe, lilikuwa adabu, lilikuwa bibi. Nilikuwa nimesugulia fosfati ndani ya kila mrija kwa mikono yangu, kisha nikaiinua kwenye mwanga na kuisifia.

"Mama yangu!" nilisema kwa sauti, na bibi akaja mbio akidhani nimeungua.

Jumatatu nilifika ofisini kwa mkuu kabla hajamaliza chai yake. Yule mama alikuwa ameshakaa, amevaa nguo zake za kanisani. Hilo liliniumiza kuliko yote, kwamba alichagua nguo nzuri za kuja kuulizwa nazo. Mezani kulikuwa na karatasi mbili sambamba, ya kwangu ya kushtaki na ya kwake ya kujibu. Mkuu alikuwa anaangalia hii, anaangalia ile.

"Hebu nisaidieni," akasema. "Hii inamshtaki, hii inamtetea. Mbona zote zimelalia kushoto?"

Nililia. Sikulia kwa staha, nililia kwa makamasi. Nikasema yote: jivu, kikopo cha siagi, Jumamosi tatu, bibi, mchicha. Mkuu alinisikiliza mdomo wazi, halafu akacheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena hakuwa anacheka.

"Ungemfukuzisha mtu kazi," akasema, "kwa jivu lako mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Akanirudishia karatasi zote mbili. Utafiti nirudie upya, semista moja zaidi, na nishukuru kwamba nimesema mwenyewe. Mkataba wa yule mama akausaini pale pale mbele yangu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Nami nilishukuru. Ningepewa adhabu kubwa zaidi ningeiona ni halali yangu.

Nje, kwenye kibao, nilimpigia magoti.

"Mama, nisamehe."

"Inuka, unachafua sketi." Alikuwa ameshafungua bakuli lake. "Jivu nililiona."

"Uliliona?"

"Kila Jumatatu, kwenye sinki. Na kikopo chako kiko nyuma ya ndoo yangu. Ulifikiri ile ndoo anaisogeza nani?"

"Sasa mbona hukusema? Alhamisi si nilikuuliza!"

"Ningesemaje? Nilijua ni dawa ya mtihani."

"Dawa?"

"Nilidhani umekwenda kwa mganga, akakupa jivu la kupaka kwenye vioo ili ufaulu. Nikasema, maskini, mtoto wa watu hofu imemzidi. Nikawa naliondoa asubuhi kabla wenzako hawajaingia, huku nakuombea kwa Mungu akutoe huko."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote. Huyu mama alikuwa amekaa na neno moja mdomoni, neno la kumwokoa, na alilimeza.

"Mama, ungefukuzwa kazi!"

"Ya kufagia ningepata nyingine. Wewe ukiaibika hapa ukadisko, ukafukuzwa masomo, chuo kingine ungekipata wapi?" Akanisogezea bakuli. "Na ile barua ya mashtaka walinionyesha, niliujua mwandiko wake palepale. Si ndio ninaouona kwenye lebo zako kila siku?"

"Ulijua ni mimi, na bado ukaja nikuandikie majibu?"

"Ulikuwa unanikwepa," akasema. "Siku tatu ulikuwa hujala hapa."

Nimesoma kwa walimu wengi wazuri na wote nawashukuru. Lakini aliyenifundisha kemia, ile ya kujua mkono wako mwenyewe umegusa nini kabla hujataja mkono wa mwenzako, ni yeye. Alinifundisha pia kuosha vyombo. Aliniweka mbele ya sinki wiki nzima, na kila nilipoharakisha alinipiga kikumbo cha bega. Tindikali nyepesi, kulala humo hadi kesho, maji ya betri mara tatu. Mirija mipya kumi na miwili ya rafuni tuliiandaa pamoja, na akaandika lebo yake kwa herufi zile za gunia: USIGUSE. Kumi na mmoja niliipima kwa zamu, na hakuna uliogeuka. Nikamaliza, nikapita, na sasa mimi ndiye ninayesimamia wanafunzi kwenye maabara ile ile. Wa kumi na mbili niliubakiza.

Yule mama alistaafu kwa heshima, akahamia kwa binti yake, mtaa wa Kikuyu hapa hapa Dodoma. Mwaka huu, asubuhi moja, nilisikia "Mbukwenyi!" kutoka mlangoni, na wanafunzi wangu wote wakaruka. Alikuja kunisalimia tu. Nikamketisha, nikampa chai, nikamwonyesha ule mrija na lebo yake iliyofifia. Akasema tuupime.

Safari hii nilianza na blanki. Ikabaki nyeupe. Kisha nikaukata mrija wetu, nikatia dawa, tukangoja. Alikuwa ameusogelea kabisa, miwani imeshuka puani. Dakika zikapita. Maji yakabaki maji.

"Haijavunjika?"

"Bado, mama."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

"Itavunjika lini sasa?"

"Mimi na wewe hatutakuwepo."

Akaridhika. Nikamshika mikono yake miwili nikamwambia asante, mama, kwa chakula, na kwa lile neno ulilolimeza. Nilikuwa sijawahi kulisema hivyo wazi. Akaniambia niache maneno mengi, nikaoshe chombo.

Nilisimama kwenye sinki na yeye nyuma yangu. "Mara tatu," akasema, nami nikasuuza mara tatu. Akaukagua mrija kwenye mwanga, akanirudishia, akachukua mkoba wake. Halafu, kabla hajatoka, aliinama akachungulia nyuma ya ndoo.